Mirija ya lehemu au mirija ya kubana? Uzoefu wangu na nyaya za fishi za magari, Goma

Nimetumia aina mbili za mirija ya kuungia nyaya pale fishi ya gari (kichwa cha plastiki kinachounganisha nyaya) inapovunjika au kuungua. Moja ni mirija angavu yenye pete ya lehemu katikati: unaingiza nyaya, unachoma, basi. Nyingine ina kibomba cha shaba ndani ya plastiki yenye gundi: unabana kwa koleo, kisha unaisinyaza kwa moto. Ya kwanza siku hizi naitumia ndani ya kabini tu. Chini ya kapo (boneti), kwenye injini, naweka ya pili.

Mirija ya lehemu hupendwa kwa sababu haidai koleo. Unavua ganda la waya milimita 8 kila upande, unaingiza nyuzi za shaba za waya huu kati ya nyuzi za ule, na pete ya lehemu inakaa juu kabisa ya pale zilipokutana. Choma katikati kwanza hadi lehemu itiririke, ndipo uende kwenye pete za rangi za pembeni. Ukianza na pembeni, plastiki inasinyaa na kuzishika nyaya kabla lehemu haijayeyuka.

Udhaifu wake uko kwenye lehemu yenyewe. Mingi hutumia mchanganyiko wa bati na bismuti unaoyeyuka karibu 138 °C, wakati lehemu ya kawaida ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye 183 °C. Bismuti haipendi kukunjwa, hupasuka. Na lehemu yoyote ikishapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu kama msumari, halafu unakatika pale ugumu unapoishia. Kwa gari linalogongagonga juu ya mawe ya lava kila siku, au linalofanya njia ya kwenda mji wa Sake, hilo si jambo la kudharau. Jambo lingine ni waya wa zamani ambao nyuzi zake zimekuwa nyeusi: lehemu haishiki, inakaa kama tone la maji juu ya mafuta. Uzuri ni kwamba plastiki ni angavu, tone unaliona. Kata, vua upya hadi upate shaba inayong'aa. Ikiwa weusi unaendelea mbali ndani ya ganda, badilisha kipande kizima.

Kuhusu moto: kiberiti cha gesi huunguza plastiki kabla katikati hapajapata joto, tena huacha masizi yanayokuficha usione lehemu. Bunduki ya hewa moto ndiyo kazi yake, ila nyingi hula wati 1,500 au zaidi, na jenereta ndogo ya chini ya kilowati moja haiiwezi. Umeme ukikatika natumia tochi ndogo ya gesi yenye kichwa cha kupuliza hewa moto bila ndimi za moto.

Sasa mirija ya kubana. Ile koleo bapa inayokuja bure ndani ya boksi, iweke kando. Tafuta koleo ya meno inayokataa kufunguka mpaka ibane hadi mwisho, yenye midomo ya umbo la yai isiyotoboa plastiki. Fedha yako iende hapo kabla ya kwenda kwenye mirija. Mirija ya rangi nyekundu ni ya waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Nyaya nyingi za sensa (vihisi vya injini na gari) ni nyembamba, 0.5 au hata chini, zinacheza ndani ya nyekundu: vua mara mbili ya urefu, kunja nyuzi zirudi, ndipo uingize. Sukuma mpaka waya ugonge kizuizi cha katikati, bana kila upande, kisha vuta kwa mkono bila huruma. Ukitoka, afadhali utoke mezani. Mwisho moto, mpaka gundi ichungulie pembeni kote. Isipochungulia, maji yataingia, na hapa mvua inaweza kubeba asidi ya gesi za volkeno ya Nyiragongo. Shaba iliyo wazi hugeuka kijani upesi. Kusokota nyaya na kuzungusha shatertoni (utepe wa umeme) ni kuahirisha kazi tu.

Fishi ikiwa na nyaya sita, usiweke viungo vyote mahali pamoja. Achanisha kila kimoja kwa sentimita 4 hivi, na cha kwanza kikae mbali na mgongo wa fishi, maana pale waya hujikunja sana. Nyaya mbili zilizosokotana, za mawasiliano ya kompyuta za gari, zirudishe zikiwa zimesokotwa vilevile.

Ukiweka fishi mpya, kwarua kwa wembe uzi wa waya wake kabla ya kuunga. Ukitokea weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa. Ukiibana hulegea baadaye.

Mlio wa multimeta (kipimo cha umeme) usikudanganye. Uzi mmoja tu wa shaba uliogusana unatosha kuifanya ilie. Washa taa (ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6), weka ncha za multimeta pande mbili za kiungo, soma volti. Kiungo kizuri huonyesha milivolti chache. Kikizidi 0.1 V, rudia.

Nyaya za njano za mifuko ya hewa ya usalama (airbag) siziungi kwa aina yoyote kati ya hizi. Hata kuchomoa fishi yake, Toyota inataka uondoe waya hasi wa batri na kusubiri angalau sekunde 90.

Mirija ya lehemu naipa nyota mbili na nusu, ya kubana nne. Nyota iliyobaki imekatwa na upangaji wa boksi: nyekundu huisha kwanza, na njano zinabaki zimejaa, ilhali waya mnene hivyo hukutana nao mara chache.