Uzoefu wangu na Pixel Joint: kazi yako itapitaje foleni ya wasimamizi

Pixel Joint ni tovuti ya sanaa ya pikseli, yaani picha zinazochorwa kwa vimraba vidogo, kimoja kimoja. Kujisajili ni bure na hakuchukui muda. Kukubaliwa ni jambo jingine. Kila picha unayopakia huingia foleni kwanza, wasimamizi huiangalia, na ikipita ndipo inapotokea kwenye matunzio ambako watu wanaiona, wanaipa alama na kuiwekea maoni. Mtu anaweza kuwa na akaunti mwaka mzima na ukurasa wake ukabaki mtupu. Aliyezoea DeviantArt, tovuti ya sanaa ambako tangu 2000 kila mmoja anabandika anachotaka, ataona anabanwa. Mimi naona foleni hiyo ndiyo faida kubwa ya tovuti hii, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachohukumiwa. Wengi hudhani wanapimwa kipaji, kwa hiyo wanaleta mji mzima wenye mawingu, minara na umati wa watu. Msimamizi ana swali dogo zaidi: kila pikseli iko pale ilipo kwa sababu mchoraji ameamua, au programu ndiyo iliyoamua? Chungu cha pikseli 32 kwa 32 kilichosafishwa vizuri hupita pale ambapo mandhari ya 400 kwa 300 inakwama. Fanya hesabu mwenyewe. 32 kwa 32 ni pikseli 1,024, unaweza kuzikagua zote kwa kikao kimoja. 400 kwa 300 ni 120,000, na humo lazima kuna kona uliyoichoka ukaiacha. Kazi ya kwanza isizidi 64 kwa 64.

Kuhusu vifaa sitarefusha. Aseprite, programu ya kuchorea pikseli, ndiyo inayotumiwa na wengi, bei yake ni kama dola 20, na msimbo wake uko wazi kwa anayeweza kuijenga mwenyewe kwa matumizi yake. LibreSprite ilitokana na toleo la zamani la Aseprite na ni ya bure kabisa. Piskel inafanya kazi ndani ya kivinjari, haihitaji kompyuta yenye nguvu. Kwenye simu kuna Pixel Studio na dotpict. Ukiwa na GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, tumia penseli, usiguse brashi, na kwenye kifutio washa chaguo la ukingo mgumu. Paint ya Windows ina penseli nzuri, ila brashi zake na maumbo yake kwenye matoleo ya miaka ya karibuni hulainisha kingo bila kukuuliza, na hapo umeshaharibu.

Kuharibu kwenyewe kunaonekanaje? Chini ya kila kazi tovuti huonyesha vipimo vya picha na idadi ya rangi zilizomo. Namba hiyo ya rangi haina huruma. Picha ya 48 kwa 48 ambayo kwa macho ina rangi kama 12 ikionyesha 340, basi kuna brashi laini iliyopita, au uwazi nusu kwenye tabaka fulani, au picha imepunguzwa kutoka kubwa. Hakuna maelezo yatakayokuokoa. Kabla ya kupakia, badili hali ya rangi iwe ya faharasa, yaani picha itumie orodha maalumu ya rangi: kwenye Aseprite ni Sprite, halafu Color Mode, halafu Indexed, kwenye GIMP ni Image, Mode, Indexed. Paleti, yaani orodha hiyo ya rangi, itajitokeza yote mbele yako. Ukiona kahawia tatu ambazo huwezi kuzitofautisha kwa jicho, ziunganishe ziwe moja.

Kwa anayeanza, asijitengenezee paleti. Tovuti ya Lospec ina paleti nyingi za kupakua bure. DB16 ya DawnBringer ina rangi 16 na imetoka humu humu Pixel Joint. Sweetie 16 na ile ya PICO-8 nazo ni 16. Taja jina la paleti na aliyeitengeneza kwenye maelezo ya kazi, ni adabu na inaonyesha unajua unachofanya. Ukishazoea utatengeneza ngazi zako mwenyewe za rangi, kutoka mwanga hadi kivuli, na kosa la kwanza utakalokutana nalo ni kuchukua rangi moja ukaiongezea weusi tu. Kivuli kinakuwa kichafu. Ngazi yenye uhai husogeza na rangi yenyewe: mwangani inaelekea njano, gizani inaelekea zambarau au buluu. Kwa tanga la jahazi, kwa mfano, (alama ya # ni namba ya rangi ya kuandika kwenye programu) #F4E2B8 kwa panapopigwa na jua, #D9A866 kwa kitambaa cha kawaida, #9A5F4E kwa mkunjo, na #4F3355 kwa kivuli kizito na mstari wa nje. Rangi nne, zinatosha tanga zima.

Tubaki kwenye tanga hilo hilo, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapofia. Ukingo wake mrefu ni mstari wa mshazari. Ukiuchora kwa mkono bila kuhesabu, vipande vyake, yaani pikseli zinazofuatana kabla mstari haujapanda ngazi, vitatoka 3, 1, 2, 4, 2, na jicho litaona meno ya msumeno. Hesabu: mstari ulionyooka uwe 2, 2, 2, 2 mpaka mwisho, au 3, 3, 3. Mkunjo nao una utaratibu wake: 6, 3, 2, 1, 1, kisha 1, 1, 2, 3, 6 ukigeuka. Vipande vinapungua kwa mpangilio halafu vinaongezeka kwa mpangilio. Ukikuta 6, 2, 3, 1, hamisha pikseli moja tu kutoka kipande cha pili au cha tatu, na mara nyingi mstari mzima unanyooka. Angalia pia kona ambapo pikseli tatu zinakutana zikafanya umbo la L kwenye mstari wa unene wa moja. Ile ya katikati iondoe. Aseprite ina kisanduku cha Pixel-perfect kwenye penseli kinachoziondoa unapochora, lakini hakirekebishi urefu wa vipande. Hiyo ni kazi ya macho yako.

Kulainisha kingo kwa mkono kunaruhusiwa, tena kunapendwa, kukifanywa kwa kiasi. Unachukua rangi iliyo kati ya mstari na kilicho nyuma yake, unaiweka mwisho wa kipande, pale ngazi inapovunjika, kwa urefu wa karibu nusu ya kipande chenyewe. Kipande cha 6, pikseli 2 au 3 za kulainisha. Kipande cha 1 hakihitaji kitu. Na ukingo wa nje wa picha yenye mandharinyuma wazi usiulainishe kabisa, kwa sababu hujui itawekwa juu ya rangi gani: iliyolainishwa kwa ajili ya nyeupe inaacha utando mchafu ikiwekwa juu ya nyeusi.

Halafu vivuli. Kosa maarufu kuliko yote ni kutia giza kuzunguka kingo zote na kuacha mwanga katikati. Kitu kinaonekana kimevimba na hakuna anayejua jua liko wapi. Amua mwanga unatoka wapi, tuseme juu kushoto, kisha kila uso unaoelekea huko uwe na mwanga na ulioupa mgongo uwe na giza, hata kama ni kidole. Kosa la pili linajificha zaidi: mistari miwili ya rangi tofauti ikikaa sambamba, ikaanzia na kuishia kwenye pikseli zile zile, jicho linaisoma kama mstari mmoja mnene. Picha ya 64 kwa 64 inaanza kuonekana kama ya 32 kwa 32. Dawa ni kusogeza mwisho wa mstari mmoja kwa pikseli moja au mbili, mipaka isigongane.

Vitone vya kubadilishana, vile vya mraba kwa mraba vinavyochanganya rangi mbili, vina mahali pake kwenye anga kubwa yenye rangi chache. Kwenye uso wa mtu wa pikseli 12 ni kelele tupu.

Jambo linalowakwaza hata wazoefu ni pikseli za ukubwa tofauti ndani ya picha moja. Ulichora mtu, ukaona kichwa kidogo, ukakikuza kwa asilimia 130. Au umezungusha mkono kwa nyuzi 20. Programu imebuni pikseli zake. Kuzungusha salama ni kwa nyuzi 90, 180 au 270 tu. Zaidi ya hapo tumia RotSprite, njia ya kuzungusha iliyomo Aseprite, kama mwongozo kisha uchore upya juu yake. Kukuza ni kwa namba kamili pekee, mara 2, mara 3, mara 4, bila ulainishaji. Kwenye GIMP weka Interpolation iwe None. Lakini Pixel Joint hupaswi kukuza hata kidogo. Pakia kwa ukubwa halisi, mtazamaji ana uwezo wa kuivuta karibu palepale kwenye ukurasa. Kwa Piskel hakikisha kipimo cha kutolea faili kiko mara 1.

Faili iwe PNG, au GIF kama ina mwendo. JPG sahau. JPG hubana picha kwa vigae vya 8 kwa 8 na kuacha vumbi la rangi kuzunguka kila mstari, kiasi kwamba rangi 12 zinakuwa mamia. Na hapa kuna mtego wa kwetu: ukichora kwenye simu ukajitumia picha kwa WhatsApp ili uipakie kwenye kompyuta, ukaituma kama picha ya kawaida, imeshageuzwa JPG njiani, hata kama baadaye utaihifadhi upya kama PNG. Itume kama hati. Faili yenyewe haitakula bando lako: 64 kwa 64 yenye rangi 16 ni baiti 2,048 za pikseli kabla hata ya kubanwa.

Kwa wanaotaka mwendo, GIF huhesabu muda kwa sehemu za mia za sekunde, kwa hiyo kwenye Aseprite weka milisekunde zinazogawanyika kwa 10: 80, 100, 120. Ukiweka chini ya 20, vivinjari vingi vinaipuuza na kuirudisha hadi 100, na mwendo wako wa haraka unakuwa wa kobe. Fremu nne safi, yaani picha nne zinazofuatana, za bendera inayopepea zinatosha. Nane zenye makosa yanayoruka kutoka fremu hadi fremu zitakuzidishia kazi ya kusafisha tu.

Kuhusu asili ya kazi hakuna mjadala. Ukichukua picha ya mhusika kutoka mchezo wa kompyuta uliopo ukabadilisha rangi na kofia, bado ni ya aliyeichora, haipiti. Kuchora mhusika unayempenda kwa mkono wako mwenyewe ni sawa. Kutumia picha ya kamera kama rejea ni sawa, itaje. Kuipunguza picha yenyewe hadi 64 kwa 64 na kuiita kazi yako si sawa, na ile namba ya rangi itakuumbua. Picha zinazotolewa na akili mnemba kwa mtindo wa pikseli nazo hujisema zenyewe: vigae haviketi kwenye gridi moja, vingine vina upana wa pikseli 7 na jirani zake 8, na rangi ni maelfu.

Ikikataliwa, usiipakie tena vile vile kwa matumaini ya kumkuta msimamizi mwingine. Ipeleke sehemu ya kazi ambazo hazijakamilika, uliza jambo mahususi, mfano "mwanga wa begani umekaa sawa?", na utapata watu wanaochukua picha yako na kuichora upya kukuonyesha. Marekebisho ya namna hiyo, pikseli kwa pikseli, ndiyo yanayonifanya niipe tovuti hii nyota nne. Sijaona sehemu nyingine ambapo mgeni anakosolewa kwa undani hivyo bure.

Ukishaingia, changamoto ya kila wiki ndiyo mazoezi bora. Unapewa mada, mipaka ya ukubwa na ya rangi, muda unahesabika, kisha wanachama wanapiga kura. Mipaka hiyo inakuondolea uamuzi mwingi; ukiambiwa rangi nne tu, kama zile za Game Boy, kifaa cha zamani cha michezo, unabaki kuhangaika na umbo na mwanga, basi.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu mbili. Muonekano ni wa kizamani, na kwenye simu maandishi ni madogo na vitufe vinabanana, kwa hiyo kupakia nashauri ufanye kwenye kompyuta. Na hakuna pesa humu. Hakuna duka wala mfumo wa oda. Anayetaka kuuza picha za kutumiwa kwenye michezo ya kompyuta aende itch.io, anapanga bei yake mwenyewe, na anayetafuta kazi studio aweke mkusanyiko ArtStation, kisha aweke viungo vya huko kwenye wasifu wake.

Lugha ya maoni ni Kiingereza, lakini maelezo ya kazi hayahitaji insha: jina la paleti, programu uliyotumia, rejea kama ipo. Jina la kazi liache kwa Kiswahili. Na usipakie kazi kumi siku moja. Weka moja, ngoja jibu, kwa sababu kosa lililoizuia ya kwanza kwa kawaida limo kwenye zile tisa pia.