Nokia 3310 ya mwaka 2017: umbo limerudi, michoro haikurudi

Ninayo ile nyekundu ya laini mbili, ndiyo simu yangu ya kupiga na kupokea. Kila anayeishika swali lake ni moja, hii ndiyo ile ya zamani? Kwa umbo, ndiyo. Kwa michoro ya kwenye kioo, hapana, na hapo ndipo penye uchungu wangu.

Umbo wameliweza kwelikweli. HMD Global ya Finland, waliopewa haki ya kutumia jina la Nokia, waliitangaza Barcelona Februari 2017, na ukiiona kwa mbali unaijua papo hapo. Ila ni nyepesi. Ya mwaka 2000 ilikuwa na gramu 133, hii haifiki 80, na ukiishika mara ya kwanza unadhani betri haimo. Chaji inakaa mno, mpaka chaja siitii tena kwenye begi la safari. Watengenezaji wanataja saa 22 za maongezi. Miamala ya M-Pesa napiga *150*00# kama kawaida, bando halihitajiki. WhatsApp usiitarajie.

Sasa michoro. Kioo cha zamani kilikuwa na nukta (pikseli) 84 kwa 48, nyeusi juu ya kijani, basi. Ndani ya nukta hizo 4,032 wachoraji walipata bahasha ya SMS, vipau vya betri na mtandao, SMS za picha, na nyoka wa ule mchezo uliotukesha. Ukiondoa nukta moja kwenye bahasha ile, si bahasha tena. Uhaba ule ndio uliozaa urembo, na ndiyo maana hata leo mtu anaitambua sura ya menyu ile bila kusoma neno.

Kioo kipya ni cha rangi, nukta 240 kwa 320, na vialama vyake ni vya duara vilivyojaa rangi, vya kawaida tu. Nyoka naye, aliyetungwa na mhandisi wa Nokia, Taneli Armanto, kwa ajili ya Nokia 6110 mwaka 1997, amechorwa upya na Gameloft. Anapendeza macho, lakini hakunikolea. Yule wa mwanzo alikuwa mstari tu, na akili yako yote ilibaki kwenye kona inayofuata.

Inaniuma kwa sababu nafasi ipo. Kila nukta ya zamani ingeweza kuchorwa kwa nukta nne za sasa, na kioo kisijae. Mwonekano mmoja wa kijani na nyeusi, wa kuchagua kwenye mipangilio, ungetosha kabisa.

Kwa simu ya pili bado naipendekeza bila kusita. Jihadhari tu na toleo: la kwanza la hii ya 2017 linashika 2G ya masafa ya 900 na 1800 MHz pekee, ambayo si ya 2G ya Marekani, kwa hiyo ndugu aliye Marekani usimpelekee hilo. Muuzaji akikuruhusu, fungua mfuniko wa nyuma, toa betri, usome lebo. TA-1030 ndiyo ya laini mbili kama yangu.