Uzoefu wangu na karisa, ua la uzio lenye matunda (na miiba, sana tu)

Naandika hii kwa sababu kuna watu wameanza kuuliza kuhusu hili ua linaloitwa Natal plamu, wengine karisa, na mimi ninalo mwaka wa nne sasa hapa Kigamboni kwahiyo angalau nina cha kusema, zuri na baya.

Nilinunua miche 12 kwenye kitalu kimoja cha barabarani, jina sitaji, elfu sita kila mmoja. Nilikuwa natafuta kitu cha kuweka upande wa baharini maana ukuta pesa ilikuwa imekata na michongoma sikuitaka, nimekulia kwenye nyumba ya michongoma nimeichoka. Yule kijana akaniambia mama chukua hii, ni uzio, ni ua, na ni matunda, mwaka tu unakula. Hiyo "mwaka tu unakula" ishikilie, tutairudia.

Nianze na sifa zake maana anazo. Mimi kwa huo upepo wa chumvi nimeshazika mawaridi, asumini, mpaka mpapai, kila kitu kinaungua majani pembeni alafu kinakufa taratibu huku unamwagilia. Huyu wala hakushtuka. Majani yake magumu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, kumbe asili yake ni pwani ya Afrika Kusini kuanzia KwaZulu-Natal kupanda mpaka Msumbiji, kwahiyo mchanga na chumvi ndo kwao. Nilichimba mashimo nikachanganya samadi ya ng'ombe, nikamwagilia miezi ya mwanzo, baada ya hapo mvua ya masika ikafanya kazi yake na mimi nikaacha. Kiangazi kikali nampa maji mara moja kwa wiki basi.

Na maua jamani. Meupe, ya nyota, petali tano, na harufu ni ya asumini kabisa, tena ikifika usiku ndo inazidi, ukifungua dirisha saa mbili usiku chumba chote kinanukia. Shangazi yangu alipokuja akataka kuyatungia kikuba, nikamwambia shangazi subiri kwanza, ukilichuma tu linatoa utomvu mweupe unanatanata, kanga yako itaharibika.

Sasa miiba. Haya siyo mambo ya mwiba mmoja, mwiba wake unatoka umegawanyika mara mbili kama manati, mrefu kama kidole, na unapita ndala bila hodi. Mimi umenipitia mguu mara mbili. Fundi wa bustani nilimuita aje kupunguza matawi, akauangalia akaniambia mama hii kazi itafute mtu mwingine, akaondoka. Watoto wa mtaani wamepoteza mipira mitatu na wa tatu nimelipa mimi. Kwa upande mwingine asubuhi moja nikakuta ndala moja, mguu wa kushoto, ndani ya uwanja wangu, mwenyewe hayupo na hajaja kuidai mpaka leo, kwahiyo kama uzio umenifanyia kazi.

Tuje kwenye matunda. Mwaka wa kwanza nikasema bado mdogo. Mwaka wa pili imechanua mpaka aibu, asubuhi unakuta chini kumetapakaa meupe, na tunda hata moja hamna. Nikampigia kijana wa kitalu, akasema weka mbolea mama. Nikaweka ya dukani, ikaongeza majani na miiba. Nikapiga tena, akasema weka maji. Mara ya tatu simu haikupokelewa.

Aliyenisaidia ni bwana shamba mmoja alikuja kwa mambo ya kuku, akauliza tu, hii miche ilioteshwa kwa mbegu au kwa vipande? Sikujua. Akaangalia moja moja, akasema yote inafanana mno, hii imekatwa kutoka mti mmoja. Na hapo ndo tatizo lilipo, maana karisa nyingine hazizai kwa chavua (ule unga wa ndani ya ua) yao wenyewe, zinataka chavua ya mti mwingine, na mimi nilikuwa na miti 12 ambayo ukweli wake ni mti mmoja umepandwa mara 12! Alafu huko kwao wanaochavusha ni nondo wa usiku na mbawakawa wadogo, ndo maana harufu inakuja giza likiingia, huku sina uhakika nani alikuwa anakuja. Baadaye nikasoma kumbe hata Wamarekani yaliwakuta, mwaka 1903 bwana mmoja David Fairchild alibeba mbegu nyingi kutoka bustani ya mimea ya Durban, Miami ikaoteshwa miche maelfu, na kuna miti ilitoa maua tu, mpaka walipochavusha kwa mkono.

Kwahiyo nikatafuta miche miwili ya mbegu kwa mtu mwingine kabisa, nikaipanda, nikasubiri ichanue. Siku ilipotoa ua nikachukua unyoya mwembamba wa kuku, nikauingiza kwenye kile kimrija cha ua la mti mpya, nikauzungusha, nikahamia kwenye ua la mti wa zamani, taratibu, maana kila ukisogeza mkono kuna mwiba unakusubiri. Nikafanya maua 20, kila moja nikalifunga uzi mwekundu. Babu jirani akawa anapita akaniuliza mwanangu unaagua? Maua 9 yakashika. Tisa! Nilikuwa naenda kuyahesabu kila asubuhi kabla hata ya chai.

Ladha yenyewe: usile kabla halijaiva. Likiwa jekundu tu lakini bado gumu, ule utomvu unaganda kwenye meno utasugua mpaka jioni. Subiri liwe jekundu la kukoza, libonyee kidogo kama embe dodo la siku mbili. Hapo lina utamu na ugwadu kwa pamoja, nyama nyekundu, na vitone vya maziwa bado unaviona lakini havisumbui. Mbegu zake ni ndogo bapa, unapasua unazitoa. Vitamini C ipo ya kutosha. Ila ni tunda tu linaloliwa, majani na matawi hapana, huu mmea ni ukoo mmoja na oleanda, lile ua la bustani lenye sumu, na wenye watoto wadogo wa kuweka kila kitu mdomoni mfikirie mara mbili.

Babu yule yule nilimpa moja akacheka, akasema hii ni mtandamboo imekula vizuri. Na kweli ni ndugu, mtandamboo wetu wa porini una tunda dogo jeusi na miiba isiyogawanyika, jina lake ndo huwezi kulitamka mbele ya mkwe.

Jamu nimepika mara mbili. Ile ya kwanza nilidhani nimeharibu sufuria, utomvu wote ulitoka ukagandia pembeni kama gundi nyeupe, steliwaya inateleza tu. Dawa yake ni mafuta ya kula, pakaza sugua na kitambaa, inatoka yote. Jamu inashika vizuri na rangi yake nzuri kuliko ya dukani.

Maksi zangu: ua 9, uzio 10, matunda 6 kwa sababu ya shughuli yake, na ndege shorwe nao wanawahi kabla yangu. Kitalu nakipa 3, miche ilikuwa mizima yenye afya lakini maneno yalikuwa ya uongo. Ukinunua, uliza imeoteshwa na nini, na usichukue yote sehemu moja. Kwenye njia ya kupita watu au geti usiweke kabisa.

Sasa hivi naotesha mwenyewe. Kitawi kichanga unakikata nusu tu, kisikatike, unakikunja kichwa chini kinaning'inia hapo hapo kwenye mti kama miezi miwili, ndo unakitoa unakichomeka kwenye mchanga kivulini, mwezi mmoja kina mizizi. Ukikata moja kwa moja ukachomeka vingi vinakufa, nimeua vya kutosha. Nina miche 14, mitano ni ya babu jirani, iliyobaki haina mwenyewe. Lakini siuzi, sitaki mtu anipigie mwaka wa pili aniulize matunda yako wapi.