Chai za kupunguza uzito: ipi ununue, ipi uiache dukani

Jamani kabla hujatoa hela, geuza pakiti usome viambato, ile picha ya kiuno chembamba mbele haikwambii kitu.

Namba moja kwangu ni chai ya kijani ya kawaida, ile ambayo kwenye viambato imeandikwa majani ya chai basi. Ina kafeini na katekini (kemikali za asili za majani ya chai), na hivi viwili kwa pamoja vinaufanya mwili utumie nishati zaidi, ila kidogo sana. Mwaka 1999 watafiti Uswisi waliwapa wanaume 10 dondoo ya chai ya kijani, matumizi yao ya nishati kwa saa 24 yakapanda kama asilimia 4, yaani karibu kalori 80. Sasa kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama kalori 16, kwa hiyo ukiweka vijiko vitano kwa siku faida yote imeisha, ndo maana nasisitiza uinywe bila sukari. Maji yakichemka yaache yapoe kidogo, loweka dakika mbili tatu haitakuwa chungu. Vidonge vya dondoo achana navyo, dozi kubwa zimewahi kuumiza maini ya watu.

Ya pili chai ya zambarau ya Kenya, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima 2011. Ina anthosianini nyingi, ile rangi ya asili inayoifanya iwe zambarau, ukikamulia ndimu inageuka rangi kabisa! Bei iko juu kidogo, ila kama unayo hela nunua, ni chai safi.

Ya tatu choya, yale maua mekundu ya rozela. Haina kafeini so inafaa usiku, na inashusha presha kiasi, kwa hiyo kama unameza dawa za presha muulize daktari kwanza.

Tangawizi na mdalasini nunua sokoni, usilipie vifuko vya bei mbaya. Mdalasini tafuta ule wa Zanzibar, magome membamba yanayovunjika kirahisi, maana ule mgumu mnene wa kasia una kumarini, ukinywa mwingi kila siku ini linapata shida.

Ya mwisho, na hii naomba usinunue kabisa, ni zile za siku 14 za "kukata tumbo". Nyingi zina sanamaki, ambayo ni dawa ya kuharisha, inafanya kazi kwenye utumbo mpana wakati chakula kimeshafyonzwa huko juu, kwa hiyo unachopoteza ni maji na choo, mafuta yako palepale, na ukiendelea muda mrefu potasiamu inashuka mpaka moyo unaathirika. Nyingine zimekutwa na sibutramini bila kuandikwa, dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Pakiti isiyotaja viambato rudisha.

Na wenye upungufu wa damu, hasa wajawazito, chai ya majani iwe ya kijani au ya zambarau inywe saa moja baada ya kula, inazuia madini ya chuma ya mboga na maharage kuingia mwilini.