Uzoefu wangu Schiehallion, Uskoti: kilele kiko chini kuliko Arusha mjini ila usiuchukulie poa

Nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibakiza nitaeleza huko mbele, haihusiani na mlima wenyewe.

Kwa wasioujua, Schiehallion (wenyewe wanatamka kama shi-HA-lian) uko Perthshire, ukiangalia ramani ya Uskoti ni kama katikati kabisa. Jina ni la Kigaeli na kwa kawaida linatafsiriwa kuwa kilima cha majini wa Wakaledonia, yaani wale watu wa kale wa huku. Urefu mita 1,083. Sasa mimi nimekulia Arusha, na Arusha mjini pale Mnara wa Saa uko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo niliposoma hiyo namba nikamwambia shemeji yangu huu tunaupanda tunashuka mchana tunakula nyumbani Dundee. Nilikosea na ndo sababu kubwa ya kuandika hapa, maana najua Watanzania na Wakenya wengi mlioko huku mtaisoma namba hiyohiyo na kuwaza hivohivo.

Mara ya kwanza kuuona ilikuwa mwaka jana pale Queen's View, juu ya Loch Tummel. Ukisimama pale ziwa liko chini yako limenyooka kuelekea magharibi na kwa mbali kuna mlima umechongoka kama hema, ndo wenyewe. Watu wengi wanajua Malkia Victoria alifika pale 1866, ila wenyeji watakwambia jina la sehemu ni la zamani zaidi, la Isabella mke wa kwanza wa Robert the Bruce, yule mfalme wa kale wa Uskoti. Basi mimi toka siku ile nikawa naufikiria ule mlima, niko shifti ya usiku naufikiria, nikipata ofu mvua inanyesha, mpaka mwisho wa Mei hii tukapata Jumamosi moja ambayo sote watatu hatuko kazini: mimi, shemeji, na dada mmoja wa Mombasa tunayefanya naye kazi.

Tulitoka Dundee saa moja na nusu asubuhi, Perth, halafu A9 mpaka Pitlochry, kutoka pale ni barabara ndogo ya pembeni ya ziwa mpaka Tummel Bridge, unakata kushoto njia ya Aberfeldy halafu kulia kwenye barabara nyembamba ya kwenda Kinloch Rannoch. Hii ya mwisho ni ya gari moja tu, kuna vijisehemu vya kupishana, na kondoo na vitoto vyao wamelala barabarani kabisa hawana habari na wewe, endesha taratibu. Unapaki Braes of Foss, pakingi ya kulipia, na kimo chake ni kama mita 330. Kwa hiyo ukihesabu unapanda kama mita 750 kwa miguu, kwenda na kurudi kilomita 10 hivi.

Kitu kilichonishangaza pale ni kwamba mlima haufanani na ule wa Queen's View. Kutoka Braes of Foss unauona kwa ubavu, mgongo mrefu kama wa nyangumi, hakuna ncha. Mwenzetu akauliza mara mbili kama tumekuja mahali penyewe.

Njia ya chini ni nzuri mno. Upande huu wa mashariki ulinunuliwa na John Muir Trust mwaka 1999, shirika la hisani linalotunza maeneo ya asili, wakakuta njia ya zamani imeliwa na miguu ya watu hadi imekuwa kovu la tope linaloonekana kutoka mbali. Wakaiacha ipone, wakajenga nyingine ya mawe na changarawe yenye mifereji ya kutolea maji, kazi ikaisha 2003. Nimepita njia nyingi za milimani nyumbani na sijaona iliyotengenezwa kwa kujali vile. Pembeni ni heather tu, vile vichaka vifupi vigumu, na udongo mweusi wa mboji unaodidimia ukikanyaga. Miti inaishia chini kabisa. Ndege wanaofanana na kwale, grouse, walikuwa wanaruka ghafla miguuni na kelele zao tukawa tunashtuka kila mara.

Saa moja na nusu ya kwanza ilikuwa raha, tunapiga stori tukinywa chai. Halafu njia inaisha. Haiishi kwa sababu umefika, inaisha kwa sababu mbele ni mawe matupu, kwartzaiti ya kijivu-weupe, mabonge ya ukubwa wa begi la safari mpaka ukubwa wa friji, mengine yanacheza ukiyakanyaga. Unafuata virundo vidogo vya mawe walivyopanga waliotangulia, na kila ukiona kilele ukikifika unakuta kile kulee ndo kilele, tena, na tena. Upepo nao ukaanza. Pakingi kulikuwa na nyuzi 14, huku juu vidole havishiki zipu, na jaketi langu nililouziwa duka moja la mtaani kwa maneno kwamba halipitishi maji lilipitisha maji ndani ya dakika kumi za manyunyu. Shemeji aliteleza akaumia goti, si sana, ila tulikaa pale tukajadiliana kwa dhati kama tugeuze. Mzee mmoja mwenyeji, miaka 70 na kitu, alikuwa anashuka na mbwa wake, akasimama nasi, akatuonyesha tupite upande gani wa mgongo ambako mawe yametulia, akampa shemeji fimbo yake moja akasema ataikuta imeegemea uzio wa pakingi. Mungu ambariki yule baba. Tuliiacha pale alipotuelekeza.

Ndo hapo nikaelewa kwamba mita peke yake hazikwambii kitu. Arusha mita 1,400 ni migomba na kahawa, huku mita 1,083 ni mawe na upepo usio na cha kuuzuia, kwa sababu hii nchi iko kaskazini sana na mvua ya bahari ya Atlantiki inaingia inapotaka.

Tulifika saa saba na nusu. Kilele ni chembamba cha miamba, si uwanja, unatafuta pa kuweka makalio. Na wingu likafunguka. Magharibi Loch Rannoch yote, ziwa la kilomita 15 hivi, na nyuma yake nyika ya Rannoch Moor inang'aa vidimbwi mpaka milima ya Glencoe, kusini Ben Lawers wenye mita 1,214 bado una mistari ya theluji mwisho wa Mei. Hakuna aliyeongea kwa muda. Yule dada akachukua udhu kwa maji ya chupa, akajibanza nyuma ya mwamba upepo usimwangushe, akaelekea kusini-mashariki akaswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja kwa kuwa ni msafiri. Alituambia baadaye hajawahi kusujudu kwenye jiwe baridi vile na akalia kidogo, nami sikumuuliza kwa nini. Tukala chapati na mayai.

Sasa jambo ambalo binafsi limenifanya niupende huu mlima kuliko milima mingine ya huku. Pale chini pakingi kuna jiwe la kumbukumbu, wengi wanalipita tu. Fundi mwashi akining'iniza timazi, uzi unaelekea chini kwa sababu dunia inauvuta, si ndiyo? Newton aliwaza kwamba ukiiweka timazi ubavuni mwa mlima, mlima nao utauvuta kidogo kuja kwake, ila akaona kiasi chenyewe ni kidogo mno kupimika. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne, mtaalamu wa nyota wa mfalme kule Greenwich, akaja hapahapa kujaribu. Huu ulichaguliwa kwa kuwa umejitenga na umbo lake limekaa vizuri kwa mahesabu. Alikaa miezi, upande wa kusini halafu wa kaskazini, akisubiri mawingu yaondoke apate kuziona nyota, na mimi niliyepigwa na manyunyu ya dakika kumi namheshimu sana kwa hilo. Uzi ukakutwa umepinda kweli. Halafu mwanahisabati Charles Hutton akakaa na vipimo vya wapimaji wa mlima, maelfu ya namba, akaona njia ya kuzielewa ni kuunganisha kwa mstari sehemu zote zenye kimo sawa, na hiyo ni mojawapo ya mara za kwanza kabisa kwa mistari ile ya kimo tuliyosoma kwenye ramani Jiografia kidato cha tatu kutumika kwenye mlima! Akapata kwamba dunia kwa wastani ni nzito mara 4.5 kuliko maji, leo tunajua ni 5.5, kwa hiyo ndani si tupu na kuna kitu kizito kama chuma. Yaani dunia nzima ilipimwa uzito ukitumia mlima huu. Wenyeji wanasimulia pia kwamba sherehe ya kuagana kibanda kiliungua pamoja na fidla ya kijana aliyekuwa anawapigia muziki, na Maskelyne akamtumia nyingine kutoka London.

Kushuka msiende haraka, magoti yanaumia kwenye mawe kuliko kupanda. Tulikuwa kwenye gari saa kumi na nusu.

Kurudi tulipita njia ya Aberfeldy na nawashauri mfanye hivo, kuna kijiji cha Fortingall kwenye uwanja wa kanisa kuna mti wa aina ya yew wanaoukadiria miaka 2,000 hadi 3,000 na wapo wanaosema zaidi, umezungushiwa ukuta, shina limegawanyika vipandevipande lakini bado una majani. Aberfeldy tukala samaki na chipsi pembeni ya mto Tay karibu na daraja la Wade la 1733. Jua linazama saa nne usiku kipindi kile, kwa hiyo msiwe na wasiwasi wa giza.

Mengine kwa haraka. Hakuna geti, kiingilio wala mwongozaji wa lazima kama Kilimanjaro, sheria yao ya ardhi ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani akiheshimu mahali, ila maana yake pia hakuna wa kukwambia leo usipande, angalieni utabiri wa milimani na si ule wa mjini. Buti zenye kushika kifundo, glavu hata Juni. Julai na Agosti jioni isiyo na upepo kuna usubi wanaouma vibaya, na kagueni miguu kwa kupe. Mkipata ajali piga 999, omba polisi halafu uokoaji wa milimani, ni watu wa kujitolea na hawatozi hela, lakini mtandao unakatika.

Ile nyota moja nimeibakiza kwa ajili ya usafiri. Bila gari kufika Braes of Foss ni shida kweli, na pakingi yenyewe ndogo, tulipotoka watu walikuwa wanazunguka hawana pa kuweka. Wengi wetu huku hatuna magari, na hilo linaniuma.

Agosti heather ikichanua zambarau tunarudi, goti la shemeji limepona. Kwenye gari kuna nafasi mbili, mlioko Dundee au Perth semeni mapema, na mje na glavu.