Shanga za hewa juu ya jigi: uzoefu wangu kwenye maji ya Tanga

Wenzangu mnaovua kwa jigi, yaani chambo kizito cha risasi kinachoshushwa wima na kuchezeshwa, nje ya Tanga, upande wa mkondo wa Pemba, adha hii mnaijua. Umeshusha mita 40, sona, kile chombo cha kutafutia samaki kwa sauti, inakuonyesha mwamba, inakuonyesha na samaki, ila chambo chako hukioni. Hapo unavuta kwa kubahatisha tu.

Ili kukiona, tangu kaskazi iliyopita natumia shanga ngumu za plastiki zenye hewa ndani, za milimita 10. Natunga tatu juu kidogo ya jigi na kuzizuia kwa kifundo. Nimeridhika nazo kabisa.

Sona haijali rangi wala mng'aro. Inapeleka sauti chini, na sauti hurudi ikikuta kitu kisicholingana na maji. Hewa huirudisha kwa nguvu sana. Ndiyo maana chewa au changu huonekana vizuri, ana kibofu cha hewa tumboni. Nguru hana, na alama yake huwa hafifu hata akiwa mkubwa. Risasi ya jigi nayo hurudisha sauti, lakini jigi nyembamba ikining'inia wima, sona inapata ncha tu.

Vipande vya sponji laini sivipendekezi. Kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi kinachokaribia uzito wote wa hewa ya juu ya bahari. Ukifika mita 40 sponji imeshabinywa. Shanga ngumu inahimili, ila ikague: katika pakiti niliyouziwa baadhi zilikuwa na ufa na zikanywa maji. Zitie kwenye beseni, inayozama, tupa.

Sauti ya sona hushuka ikipanuka kama kawa. Yangu ni ya kilohezi 200, pembe ya nyuzi 20, kwa hiyo mita 40 chini inafunika upana wa kama mita 14. Jigi ikitoka humo, hata ungeifunga puto huioni. Wakati wa bamvua mkondo unaibeba, na shanga zenyewe zinaichelewesha kuzama. Mimi nazitumia maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, na jigi ya gramu 150, nikishusha karibu kabisa na kihisio, kile kifaa cha sona kinachotoa na kupokea sauti. Kwenye sona, zima zile picha za samaki zinazochorwa badala ya alama halisi, ongeza usikivu mpaka vijidoti vianze kutokea kwenye kioo, kisha endesha picha kwa kasi ya juu.

Ukipatia, jigi inachora mstari mwembamba wa mshazari kutoka juu hadi chini, na ukianza kuvuta mstari unakuwa na meno ya msumeno. Siku moja mstari wa pili, mnene, ulijitenga na mwamba na kuufuata wangu. Nahodha akapiga kelele, "Mjomba, anapanda! Usisimame!" Nikaongeza kasi, mistari ikakutana, fimbo ikapinda. Kolekole. Bila kuiona jigi ningeendelea kuchezesha chini kulekule, naye angerudi zake.

Anayevua kwa kuburuta asinunue, kwa sababu chambo chake kiko nyuma ya boti na sona ya kuangalia chini haikifikii. Kwa anayeshusha wima, anunue za rangi nyeusi au zisizo na rangi. Zile nyekundu hung'atwa na samaki wadogo, na mshipi unakatika hapo hapo.