Kijitabu cha mazoezi ya The Red-Headed League: nani aliandika majibu haya?

Nilikuwa tayari kukisifu kijitabu hiki cha msamiati na maswali ya ufahamu juu ya hadithi ya mpelelezi Sherlock Holmes iliyotoka 1891. Halafu nikafungua majibu ya nyuma.

Swali: kwa nini Holmes aligonga mlango wa duka la rahani la Jabez Wilson? Jibu lao: "Alitaka kuelekezwa njia ya kwenda Strand." Jamani! Kuulizia huo mtaa wa London ni kisingizio tu. Holmes alitaka msaidizi wa duka atoke ili amtazame magoti ya suruali, na rafiki yake Watson anaambiwa hivyo papo hapo. Magoti yalikuwa yamechakaa, yamekunjamana na kuchafuka, kwa sababu jamaa anachimba handaki la kuingilia benki. Mwanafunzi akikariri jibu lile, handaki litamwibukia mwishoni kama mazingaombwe. Na fimbo ile Holmes aliyoigonga barabarani kujua chumba cha chini kimeelekea mbele au nyuma? Haikuulizwa kabisa, wakati nyuma ndiko iliko benki!

Saa za kazi ya Wilson nazo wameziacha kwa hesabu ya Kiingereza, "saa 10 hadi saa 2". Kwetu hiyo ni jioni hadi usiku. Ni saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, muda ambao Wilson ananakili ensaiklopidia ya Encyclopaedia Britannica kwenye ofisi ya kile chama cha wenye nywele nyekundu, kwa pauni 4 kwa wiki, marufuku kutoka nje ya jengo, huku nyumbani kwake watu wanachimba.

Haki yao niwape: zoezi la kujaza nafasi ni zuri kweli, sentensi zimetoka kwenye hadithi yenyewe. Kama umeshakinunua, bana kurasa za majibu kwa stepla. Msomeshe mwanafunzi hadi Holmes anapoomba asisemeshwe kwa dakika 50, hapo msimamishe. Aorodheshe: msaidizi aliyekubali nusu mshahara, safari zake za chumba cha chini eti anasafisha picha, Wilson kuondolewa dukani kila siku, chama kuvunjwa ghafla. Kisha umuulize nani anafaidika Wilson asipokuwepo. Asipopata, arudie sehemu Wilson anaposimulia habari za duka lake tu, si hadithi nzima.

Kwa zoezi lile ningetoa nyota tatu. Mbili, basi. Hapana, nimelisoma tena lile jibu la Strand: moja.